Bwana Mizani na Gitaa Namba Tano

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi hapa kaburini, historia hii inasomwa leo kwa mara ya pili, na waliokuwepo nyumbani asubuhi wanajua sababu, ila waliochelewa wana haki ya kuelezwa. Saa nne asubuhi, uani kwa marehemu, mbele ya watu wasiopungua mia mbili, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye familia iliyompa kazi ya kuandika na kusoma, alivaa miwani, akakohoa kikohozi cha heshima, akatangaza kwa sauti iliyofika hadi barabarani kwamba marehemu alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1968, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake, tarehe ambayo ni kweli mtu alizaliwa, lakini si yule aliyekuwa ndani ya jeneza. Watu wakatazamana, mzee mmoja nyuma akaanza kuhesabu kwa vidole, na mjane, ambaye tangu msiba uingie alikuwa hajasema maneno kumi, akainua uso akasema taratibu, "Shemeji, huyo unayemzika ni wewe."

Kuna waliocheka wakajifanya wanalia, na mdogo wa marehemu anawashukuru kwa juhudi hiyo. Alitumwa karakanani kwa marehemu akatafute cheti cha kuzaliwa ndani ya kopo la biskuti lililo juu ya rafu, akakipata, na chini ya kopo hilo akapata na kitu kingine ambacho hakutumwa, lakini historia ya mtu hufuata miaka yake, kwa hiyo kitu hicho kitangoje zamu yake.

Marehemu, basi, kwa mujibu wa cheti chenyewe, alizaliwa tarehe 11 Mei 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi wa pampu za maji na mama mshona nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1970 hadi Novemba 1976, na kila mwaka alikuwa wa kwanza au wa pili, jambo lililomletea sifa yeye na taabu mdogo wake, kwa maana miaka mitano baadaye walimu walewale walimtazama mdogo wake na kuuliza kama kweli ni tumbo moja, kwa sauti ya mtu aliyefunua sufuria kwa hamu akakuta maji matupu.

Mwaka 1977, akiwa na miaka kumi na minne na ameanza sekondari, marehemu alitengeneza gitaa lake la kwanza kwa kopo la mafuta ya kupikia, ubao wa kreti na nyaya za breki za baiskeli, akalipiga jioni mbele ya nyumba, na mama yao, ambaye hakuwahi kusimamisha cherehani kwa sababu ya mtu, akasimamisha cherehani. Juma lililofuata gitaa hilo lilikaliwa. Kwa miaka arobaini na sita mdogo wa marehemu ameeleza kwamba alilikalia kwa bahati mbaya, kulikuwa na giza, hakuliona, na leo, kwa kuwa tayari ameshajizika mwenyewe asubuhi na hana cha kupoteza, anakiri mbele yenu kwamba aliliona vizuri sana, kulikuwa mchana, na alilikalia mara mbili. Marehemu hakumpiga. Alilikunjua kopo kwa nyundo, akalipima kwa rula ya shule, akasema limepinda kidogo tu, na hilo lilimuuma mdogo wake kuliko kipigo.

Marehemu alimaliza sekondari Novemba 1980, akasoma chuo cha ufundi kuanzia 1981 hadi 1983, na tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa katika ofisi ya vipimo na mizani, alikofanya kazi miaka thelathini na tisa bila kuhama meza, akizunguka madukani na sokoni na sanduku lake la mawe ya kupimia, na wauza nyama waliomuona akikata kona walikumbuka ghafla kufuta mizani zao. Huko ndiko alikopewa jina la Bwana Mizani, ambalo wengi wenu hapa mnalijua kuliko la kwenye cheti.

Kazi ya kutengeneza magitaa aliianza upya mwaka 1988, kama jambo la kupitisha Jumamosi, kwa mlango wa kabati la nguo la mama yao. Tangu hapo hadi anafariki alitengeneza magitaa saba tu, kwa sababu hakuwa mtu wa haraka. Alikuwa akishika ubao kwa pembe kwa vidole viwili, anausogeza sikioni, anaugonga kwa kifundo cha kidole, na ule uliomjibu anauandika tarehe kwa penseli na kuulaza juu ya dari ukauke miaka mitano au sita, na ule usiomjibu anaufanya kigoda, ndiyo maana nyumba ya marehemu ina vigoda kumi na vinne, na ninyi wengi mlivikalia leo bila kujua kwamba mmekalia magitaa yaliyofeli mtihani.

Tarehe 6 Desemba 1991 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, ambaye leo ndiye mjane wetu, na siku ya harusi alimpigia mkewe gitaa namba moja, ambalo lilibaki kuwa lake mwenyewe, hapo hapo mdogo wake akiwa na hotuba ya kurasa nne mfukoni ambayo mpaka leo hakuna aliyeiulizia. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza tarehe 17 Februari 1993, wa pili tarehe 9 Septemba 1997. Gitaa namba mbili alimpa mkewe, la tatu mwalimu wa kwaya, la nne binti mkubwa, la sita binti mdogo, na la saba, la mwisho, alimpa nesi aliyekuwa akimpima pumzi kila Jumatatu. La tano linakuja.

Mnaona kwamba katika orodha hiyo kuna mtu hayumo. Mtu huyo alikuwa mpishi melini kuanzia 1990, amekaanga vitunguu katika bandari za nchi thelathini na moja, na katika kila safari ndefu aliingia dukani akanunua gitaa la bei ya kuudhi, kwa nia moja tu, kaka yake alione. Aliyachagua kwa kung'aa, kwa rangi ya machweo, kwa jinsi muuzaji alivyolipiga, na mpaka sasa anayo tisa, yametundikwa sebuleni kwake kama samaki waliovuliwa, na nyimbo anazozijua ni tatu, mbili kati ya hizo ni wimbo mmoja kwa mwendo tofauti. Kila alipoleta jipya, marehemu alifumba jicho moja akaitazama shingo yote kutoka kichwani hadi tumboni, akabonyeza uzi mmoja mmoja akisikiliza kama kuna unaokwaruza, kisha akalipeleka karakanani, akalirekebisha siku mbili, akalirudisha likiimba, na kusema neno moja, "Zuri." Siku moja tu alimshauri, kwamba dukani asimsikilize muuzaji akipiga, alipige yeye mwenyewe, tena vibaya, kwa sababu gitaa jema linajulikana hata mikononi mwa asiyejua, na mdogo wake alichukulia kwamba ametukanwa.

Hatukumsikia marehemu akimwahidi mdogo wake gitaa, wala mdogo wake hakuwahi kuomba, kwa kuwa mtu mwenye magitaa tisa ya dukani anaanzia wapi kuomba la kumi la mlango wa kabati. Lakini wivu aliokuwa nao alikuwa akipika nao na kulala nao. Na haukupata kumchoma kama tarehe 24 Julai 2004, siku aliyorudi likizo na gitaa jekundu ndani ya sanduku gumu lenye bitana ya mahameli, akalifungua juu ya meza ya chakula kabla hata hajasalimia watoto, akatangaza kwamba huko alikotoka mafundi wanajua kazi, si hawa wa kubahatisha Jumamosi. Marehemu akalitazama kwa jicho moja, akasema, "Zuri," na Jumapili yake, mbele ya macho ya mdogo wake, akatoa karakanani gitaa namba tano, la mbao ya rangi ya asali, lenye mstari mweusi mwembamba kuzunguka tumbo, akavuka barabara nalo na kumpa fundi viatu wa kibanda cha mkabala.

Fundi viatu yuko hapa, amesimama karibu na binti mdogo, na hana kosa. Hata hivyo kwa miaka kumi na tisa mdogo wa marehemu hakumpelekea kiatu. Amebeba viatu vilivyoachama akavuka navyo bahari vikashonwe na watu wasiomjua, kuliko kusimama pale kibandani na kulisikia gitaa lile likipigwa wakati wa mapumziko ya mchana. Fundi mwenyewe alikuwa akilisifu kwa kila mtu, akilalamikia kitu kimoja tu, kwamba shingo yake ni nyembamba mno, vidole vyake vinene vilimchukua mwaka mzima kuizoea, na watu walishangaa Bwana Mizani amekosea vipi kipimo.

Mwezi Februari 2022 marehemu alianza kikohozi kikavu, akapimwa, ikaonekana ni mapafu, daktari akamkataza vumbi la mbao na yeye akakubali kwa adabu zote, isipokuwa mkewe alimkuta mara kwa mara na unga wa mbao kwenye nyusi. Alistaafu tarehe 11 Mei 2023, akalazwa tarehe 28 Julai, na mdogo wake akafika kutoka melini tarehe 10 Agosti, akakaa kando ya kitanda siku tisa, kila siku akiwa na swali moja kooni, kwa nini watu wote na si mimi, na kila alipofungua mdomo aliuliza habari za vanishi. Tarehe 19 Agosti, saa tano asubuhi, marehemu alifariki akiwa na mkewe na mabinti zake wote wawili. Mdogo wake alikuwa ameshuka kununua chai, na kama kawaida yake alichelewa kwa kuchagua.

Sasa lile la chini ya kopo. Ni furushi la karatasi za kaki, na katika kila karatasi umechorwa mkono wa kushoto wa mtu kwa penseli, kidole kwa kidole. Ninyi mliopewa magitaa mtakumbuka kwamba siku moja marehemu aliomba mkono wa kila mmoja wenu auchore, akampa sababu ya uongo, mwalimu wa kwaya aliambiwa ni pete, nesi aliambiwa ni ukumbusho, na hakuna aliyeunganisha mambo. Kwa mwandiko wake wa ofisini aliandika namba ya gitaa, mwenye mkono, na tarehe ya kukamilika. Mikono ni saba, wa kwanza ukiwa wake mwenyewe. Mkono wa fundi viatu haumo. Karatasi ya tano ina mkono ambao kidole cha mwisho kimekatika ncha, kilichukuliwa na mashine ya kusagia nyama melini mwaka 1998, mkono huu mnaouona umeshika historia hii, uliochorwa Desemba 2002 kwa maelezo kwamba ni glavu za jikoni. Chini yake pameandikwa: Namba 5. Mdogo wangu. Kidole cha mwisho kifupi, shingo ipunguzwe. Limekamilika 20 Julai 2004. Kisha, kwa kalamu nyingine: Ameshanunua. Apewe fundi viatu.

Mdogo wa marehemu alimpelekea shemeji yake karatasi hiyo badala ya cheti. Mjane alisema anaijua, kwamba siku ile alimwambia mumewe amweleze mdogo wake, na mumewe akajibu kwamba mtu amevuka bahari na kitu alichokipenda, si vizuri kumharibia. Basi kwa miaka kumi na tisa mtu huyu alikuwa akimwonea fundi viatu wivu wa mkono wake mwenyewe, na hamjawahi kumuona mjinga aliyesafiri sana kama huyu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, hasa yule nesi wa Jumatatu, ofisi ya vipimo na mizani iliyoleta basi na maua, majirani waliopika, kwaya, na wauza nyama wa sokoni waliofunga mabucha leo, ambao nusu yao tunaamini wamekuja kwa huzuni. Kaka, umepima vya kutosha, weka rula chini, pumzika kwa amani, na ukikuta huko gitaa la kopo lililopinda kidogo, aliyelikalia anaomba msamaha.

Limebaki moja. Kabla ya kuja hapa, mdogo wa marehemu alivuka barabara kwa mara ya kwanza tangu 2004, kiatu chake cha msiba kikiwa kimeachama soli, akamwonyesha fundi viatu ile karatasi, akaweka mkono wake juu ya mchoro ukaenea, akamweleza yote tangu mahameli, akamwahidi achague lolote kati ya yale tisa, hata mawili, hata jekundu na sanduku lake. Fundi akaisoma karatasi hadi mwisho, akaifuta vumbi la ngozi, akamrudishia, akatazama chini kwenye ile soli iliyoachama.

"Kiatu lete nikushonee," akasema. "Gitaa sikupi."