Enhee, Msusi Aliyesikiliza Vichwa Vyote

Nani kati yenu anajua marehemu alipenda kuongea nini? Msitazamane, hata sisi wa damu yake hatujui, ndiyo maana historia hii tumeiandika kwa kuokoteza.

Marehemu, mama yetu mdogo, ambaye wengi mlimwita Enhee, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa sita katika nyumba ambayo wote waliongea kwa pamoja, akaona midomo imeshatosha, yeye akachukua kazi ya masikio. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985, na mwalimu wake aliandika kwamba ni mtulivu, neno ambalo walimu humwandikia mtoto wasiyemkumbuka.

Mwaka 1988 alianza ususi, katika chumba cha mbele chenye viti viwili na feni yenye kelele, na kwa kuwa mteja humpa msusi kisogo, watu walimwaga yote, waume, mawifi, kesi za mahakamani, naye akigawa nywele kwa chanuo aliitikia enhee, mtu akaondoka na kichwa chepesi akisifia msuko. Jirani mmoja, aliyesukwa pale tangu ujana wake, juzi alituuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Wawili, mama, na mmoja ndiye aliyekuwa anakuletea maji ya kunywa.

Tarehe 14 Desemba 1994 aliolewa na baba yetu mdogo, mnadishaji wa fanicha, mwenye sauti ya kusimamisha soko na masikio ya kudaka bei iliyonong'onwa nyuma ya umati, wakajaliwa binti na mvulana. Baba mdogo alizoea kujigamba kwamba hajawahi kugombana na mkewe, nasi tukamtania kwamba ugomvi unataka watu wawili, na wote wapate zamu.

Kuhusu ugonjwa, tuliambiwa hakuumwa. Jumamosi alisuka mpaka jioni, Jumapili asubuhi akaanguka jikoni akimenya viazi, akakimbizwa hospitali moyo ukiwa umeshasimama, daktari akauliza kama alilalamika popote, akajibiwa hapana, tukashika vichwa, mtu mzima anazimikaje kama taa?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliobomoa mlango wa uani ili gari lifike, na wasusi wenzake waliomsuka kwa mara ya mwisho, kimya, bila umbea hata mmoja. Mama mdogo, lala salama, umepumzika kutokana na maneno yetu, leo zamu ya kusikiliza ni yetu.

Tunaanza na haya, ambayo baba mdogo alitutamkia jana mbele ya watoto wake, na ameomba ayasome mwenyewe, msimkatize, wala msimpe pole kabla hajamaliza:

"Daktari nilimdanganya. Mke wangu aliniambia kutoka jikoni, mimi nikiwa sebuleni, baba watoto, kifua kinanibana, nikamwambia ngoja kwanza nimalize, nilikuwa namhadithia mnada wa kabati. Akasema enhee. Halafu akanyamaza, nikajua ananisikiliza, nikaendelea kuongea."