Wimbo wa Pochi ya Shangazi Zita

ZITA: Haloo? Nani mwenzangu?

OBED: Kamwene, shangazi. Ni Obed, wa Makambako. Shikamoo.

ZITA: Marahaba, baba. Ongea kwa nguvu, Njombe leo ukungu umeshika mpaka simu.

OBED: Shangazi, ile pochi ya sarafu za mtandaoni niliyokuundia—

ZITA: Inapendeza. Nimeionyesha kwaya nzima. Nimewaambia, Obed wangu kaiunda kwa vitu vya bure.

OBED: Ni programu ambazo wenyewe wameziacha wazi, kila mtu achukue, arekebishe. Mimi nimepanga kioo, vitufe, nikatia Kiswahili— hebu ngoja. Devota, jirani yako, kanitumia video. Kwaya mnaimba.

ZITA: Si ndiyo kazi ya kwaya?

OBED: Mnaimba "kikapu, radi, mahindi, ngazi".

ZITA: [anacheka] Huo ni wa kwako. Besi wameupatia kweli.

OBED: Shangazi, hayo ni maneno ya siri! Mtu akiyajua kwa mpangilio wake, anafungua pochi yako popote alipo, anakomba kila alichokutumia binti yako Letisia. Hela zote za paa lako zimo humo.

ZITA: Ulisema niyashike kichwani. Kichwani kwangu kitu hakikai bila wimbo.

OBED: Na video imefika wapi?

ZITA: Grupu la parokia. Na kwaya ya Lupembe, wameuomba.

OBED: Nimekwisha. Niimbie sasa hivi, ya Devota imekatika katikati. Nihamishe sarafu kabla mtu hajazinduka.

ZITA: Sauti ya kwanza au ya pili?

OBED: Yoyote, shangazi.

ZITA: [anaimba] Kikapuu, radi, mahindi, ngaazi— [mtandao unakwaruza]

OBED: Baada ya ngazi?

ZITA: Siwezi kuanzia katikati. Tunarudi juu.

OBED: Haya, juu.

ZITA: [anaimba polepole, mpaka mwisho]

OBED: "Aleluya" nayo imo?

ZITA: Hiyo tumeongeza sisi.

OBED: [anabonyeza vitufe] Imefunguka. Zipo... nahamisha... tayari. Ziko kwangu kwa muda. Sasa tazama simu yako, bonyeza "Fungua pochi mpya". Yatakuja maneno mengine. Yasome, yaandike, ufiche.

ZITA: Ngoja nimwite Devota, ndiye aliyenisomea yale ya kwanza.

OBED: Devota tena? Wewe peke yako, shangazi.

ZITA: Miwani sijui nimeiweka wapi.

OBED: Herufi nimezikuza, hata bila miwani—

ZITA: Obed. Hata ukizikuza zikawa kama mlango wa kanisa.

OBED: Lakini kitabu cha nyimbo... kila Jumapili unacho mkononi.

ZITA: Ninacho.

OBED: Na madaftari yangu ya shule je? Ulikuwa unayakagua kila jioni.

ZITA: Nilikuwa natafuta vema za mwalimu. Zikiwa nyingi, unapata chai yenye maziwa.

OBED: [anakohoa] Mimi nimehangaika na rangi za vitufe, shangazi. Rangi.

ZITA: Rangi ni nzuri, baba.

OBED: Nitaifanya ikusomee yenyewe, sikioni kwako tu. Programu ya kusoma kwa sauti ipo, nayo wameiacha wazi. Vitufe nitaweka picha. Kesho nakuja tuijaribu wote wawili.

ZITA: Vaa koti, huku baridi inauma.

OBED: Sawa. Salio linaisha, shangazi, ikikatika ujue—

ZITA: Letisia asijue, tafadhali. Meseji zake huwa namwambia nazisoma mara mbili mb—

[simu inakatika]