Chupa ya Mzee Kefa na Alama Tatu Zilizobaki

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wa marehemu, Rahabu Simoni Ntandu, ambaye hakuiomba kazi hii. Kikao cha ukoo kilimwita Jumatatu kikamwambia kwamba kaka yake mwenyewe ndiye aliyemtaja. Hakushangaa. Tangu utotoni, kila neno lililomshinda Kefa kulisema lilikuja kusemwa na Rahabu.

Kefa Simoni Ntandu alizaliwa Mtinko tarehe 14 Agosti 1954, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Simoni Ntandu na Mama Magdalena, ambao wote wametangulia. Krismasi ya mwaka 1962 baba yao alirudi kutoka mnadani na vipande viwili vya sukari guru, kimoja cha Kefa na kimoja cha Rahabu. Rahabu alimaliza chake kabla ibada haijaisha. Kefa alikifunga chake kwenye kitambaa akakificha darini, akisema kuna siku nzuri zaidi inakuja, na siku hiyo Rahabu atapewa nusu. Siku ilipofika, sisimizi walikuwa wameshafika. Watoto wawili walilia, na Rahabu anakiri kwamba mpaka leo ile nusu yake bado inamuuma.

Alisoma shule ya msingi pale pale Mtinko kuanzia 1963 hadi 1969. Hesabu aliziweza kuliko wenzake wote. Baada ya hapo alikaa miaka miwili akichunga ng'ombe wa baba na kuifikiria barua ya kuomba nafasi katika chuo cha ufundi Dodoma. Barua hiyo iliandikwa na Rahabu, akiwa darasa la sita, kwa hasira na kwa mwandiko mbaya, na ikajibiwa. Kefa alihitimu ufundi wa mitambo mwishoni mwa mwaka 1973.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuhudumia mitambo ya kuchimba visima, kazi aliyoifanya kwa uaminifu miaka arobaini, hadi alipostaafu Agosti 2014. Vijiji vingi vya Ikungi, Singida Vijijini na Manyoni vinakunywa maji ambayo mkono wake uliyagusa kwanza. Kwenye mtambo hakuwa mtu wa kuahirisha. Bomba likikwama, Kefa alikuwa chini ya mtambo kabla hajaitwa. Alikuwa mwepesi kwa vyuma na mzito kwa maneno, na sisi tuliompenda tulihesabiwa upande wa maneno.

Alifunga ndoa na Winfrida tarehe 18 Desemba 1982, katika kanisa la Ihanja. Posa ilichelewa miaka miwili kwa sababu mwenye kuposa alikuwa kila akifika kwa wakwe anazungumzia mvua. Mara ya tatu Rahabu alimsindikiza, akasema yeye. Suti ya harusi, ya kijivu, ilishonwa na rafiki yake Miraji, fundi cherehani wa Ihanja, ambaye alikataa malipo na akasema atalipwa kwa kuiona imevaliwa. Maneno hayo yakumbukwe, tutayarudia.

Sasa tunafika mahali ambapo Mwinjilisti wetu aliomba neno moja lisitajwe mbele ya jeneza. Halitatajwa. Litaitwa kinywaji.

Mwaka 1984 mradi wa visima ulileta mtaalamu kutoka Uswisi, ambaye wote walimwita Mswisi. Juni 1986, huko Kilimatinde, baada ya mashimo matatu makavu, shimo la nne lilitoa maji matamu. Jioni ile Mswisi alitoa sandukuni chupa ya babu yake. Kilikuwa kinywaji cha kwao kiitwacho absinti, kinachotengenezwa kwa pakanga, ule mmea mchungu unaosomwa katika Ufunuo, na chupa hiyo ilijazwa kabla serikali yao haijakipiga marufuku mwaka 1910. Rangi yake haikuwa tena ya kijani. Ilikuwa rangi ya majani makavu. Mswisi alitoboa kopo kwa sindano, akaacha maji ya kisima kipya yadondoke tone kwa tone, na kinywaji kikageuka polepole kuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Kefa alikunywa kidogo.

Machi 1988 Mswisi aliondoka, akamwachia Kefa chupa ya pili, ndugu ya ile ya kwanza. Alimwambia sentensi moja tu, na Kefa aliirudia mara nyingi: "Ifungue siku ukipata watu wa kunywa nao."

Watu aliwapata. Mwaka 2006, baada ya Uswisi kuondoa marufuku ile, mgeni mmoja wa mradi alileta chupa mpya, na Kefa akawaita wawili nyumbani kwake hapa Ihanja. Wa kwanza ni Mwalimu Chediel, aliyekuwa akifundisha Ihanja. Wa pili ni Mzee Miraji, aliyeshona suti. Mzee Miraji ni Mwislamu na hajawahi kuweka kileo mdomoni, hivyo yeye alipewa maji. Ndiye aliyegundua kwamba maji ya chumvi ya Ihanja yanaliharibu lile wingu jeupe, akawa anapanda baiskeli na dumu kufuata maji matamu. Aliyaonja, akayapitisha au kuyakataa, kisha akanusa glasi za wenzake na kutoa hukumu, na hukumu yake iliheshimiwa kuliko ya wanywaji.

Kwa miaka kumi na tisa walikaa hivyo, Jumamosi moja kila mwezi, kizibo kimoja cha kinywaji kwa kila mnywaji. Janeth, binti wa marehemu, alizileta chupa nyingine kutoka Dar es Salaam kila alipozipata, na zote pamoja zilifika kumi na moja. Walibishana kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Moja ilikuwa imetiwa rangi ya kijani mpaka ikaacha doa kwenye meza. Nyingine iligoma kuwa nyeupe, Mwalimu akalaumu kiwanda na Mzee Miraji akaapa maji hayana kosa. Mwalimu Chediel aliandika alama kwenye daftari, na hakuna chupa iliyopata zaidi ya saba kati ya kumi. Alipoulizwa kwa nini, alisema alama tatu anaziweka akiba kwa ile ya zamani, maana huwezi kusahihisha darasa zima wakati mwanafunzi mmoja hajakabidhi karatasi.

Na yule mmoja hakukabidhi. Wenzake walimwomba aifungue. Kefa alisema isubiri chupa mpya inayostahili kulinganishwa nayo. Alisema isubiri mavuno. Hatimaye aliahidi Pasaka ya mwaka 2011, wakaja wote wawili wamevaa vizuri, Mzee Miraji na maji aliyoyafuata mbali, na Kefa akatoka chumbani akasema, bado. Mwalimu alikasirika, akaondoka bila kuaga. Alirudi mwezi uliofuata, lakini hakuuliza tena kwa sauti ile ile.

Mwaka 2014 Janeth aliolewa. Baba yake alimpeleka kanisani na koti la kuazima, lililombana mabegani, wakati suti yake ya kijivu iko nyumbani. Watu walicheka. Winfrida aliona aibu kubwa. Mzee Miraji, ambaye malipo yake yalikuwa kuiona suti imevaliwa, aliona kazi ya mikono yake imedharauliwa, akakaa miezi minne bila kukanyaga nyumba hii. Kefa hakujieleza. Rahabu alimsema siku hiyo maneno ambayo sasa angependa kuyapunguza.

Marehemu alianza kusumbuliwa na tezi dume mwaka 2021. Aliambiwa na kila mtu aende akapimwe. Alisema ataenda baada ya kuvuna alizeti, kisha baada ya kuuza alizeti. Alipopimwa Agosti 2023, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa yote waliyoyafanya. Kwa waliokuwa wakinong'ona, kinywaji hakihusiki. Daktari ameulizwa mara mbili, na mara ya pili aliulizwa mbele ya Mwinjilisti.

Alhamisi tarehe 27 Februari mwaka huu, mchana, Rahabu akiwa amekaa kitandani kwa kaka yake hospitalini Dodoma, Kefa alimwambia, "Rahabu, ile chupa haina kitu."

Aliulizwa tangu lini. Akasema tangu Pasaka ile.

"Na mimi unaniambia ili nifanye nini, kaka?"

"Uwaambie wewe. Mimi nimeshindwa."

Maelezo yake yalikuwa haya. Mwaka 1988 alimuuliza Bruda mmoja, mtawa wa misheni, jinsi Wazungu wanavyotunza divai, akaambiwa chupa hulazwa ili kizibo kisikauke. Akailaza, kwenye sanduku la bati, juu ya suti yake ya harusi, mahali palipokuwa salama kuliko pote ndani ya nyumba. Ushauri ulikuwa sahihi kwa divai. Janeth ameuliza mtandaoni, na inaonekana kinywaji kikali namna hii husimamishwa, kwa sababu kikilala hula kizibo. Kilikula kwa miaka ishirini na mitatu. Siku ya Pasaka Kefa alifungua sanduku na wageni wamekaa sebuleni, akakuta chupa nyepesi, kizibo kimekuwa uji mweusi, na suti yake imekunywa yote.

Ndiyo sababu hakuivaa. Ilinukia. Angeingia nayo kanisani, Mzee Miraji angejua kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Rahabu alikasirika, na hakuficha. Alimwambia kwamba amewanyima wenzake mara mbili, kwanza kinywaji na kisha ukweli, na kwamba safari hii atasema mwenyewe, maana wanakuja Jumamosi. Walikuja, tarehe 1 Machi, kwa basi la asubuhi, wazee wawili na dumu la maji. Mzee Miraji alimnywesha kwa kijiko. Walikaa saa mbili. Rahabu alisimama mlangoni akimkazia macho kaka yake. Mwishoni Mwalimu Chediel aliinama akamuuliza kwa upole, "Tuifungue lini, Kefa?"

Kefa akajibu, "Bado kidogo."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini. Rahabu alikuwa bado amemkasirikia, na bado, na anasema hivyo mbele ya watu wote kwa sababu ndivyo ilivyo. Angependa kuwa na kaka wa kumkasirikia miaka mingine kumi.

Ameacha mjane, Winfrida, watoto watatu, Janeth, Frank na Emiliana, wajukuu sita, mdogo wake Rahabu na kitinda mimba wao Elisha. Ameacha pia Mwalimu Chediel na Mzee Miraji. Ukoo ulisema marafiki hawaandikwi kwenye orodha hii. Rahabu amewaandika.

Jambo la mwisho. Wakati wa kumvisha marehemu, familia ilipendekeza suti mpya, na wengine wakashauri ile ya zamani ipelekwe kwanza kwa dobi. Rahabu alikataa yote mawili. Ugonjwa ulikuwa umemkondesha, na suti ya kijivu ilimkaa kama siku ya harusi. Ndiyo aliyovaa hapo alipolala. Mzee Miraji, deni lako limelipwa, kaitazame.

Kwa hiyo, saa ya heshima za mwisho itakapofika, tunaomba wazee hawa wawili watangulie, na mtu yeyote asiwasukume. Wainame kwenye koti, upande wa kushoto, pale lilipoloa zaidi. Kunusa si kunywa, kwa hiyo leo wataonja sawa kwa mara ya kwanza. Mwalimu Chediel aje na daftari lake. Alama tatu zile amwekee au amnyime, vyovyote atakavyoona ni haki, na ukoo hautakata rufaa.

Watu wa kunywa nawe wamefika, kaka. Pumzika sasa kwa amani.