Bi Mwatime, Mama Aliyewauliza Makocha

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Garland na mlioko Stafford, hapa Texas, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Mwatime Ngwali, muuguzi, mzaliwa wa Kwale, aliyefariki mwezi uliopita hapa Garland kwa maradhi ya moyo. Tunamkumbuka kwa jambo moja: aliwauliza makocha maswali.

Mpira wenyewe hakuujua. Mwanawe Haitham alipoanza kucheza mpira wa Kimarekani shuleni, Mwatime alikaa jukwaani akishangaa. "Mbona wanaangushana, kisha wanasimama kuzungumza?" Msimu ulipokwisha, alikuwa akimkosoa mwamuzi.

Haitham alikuwa na mbio. Vyuo vikaanza kupiga simu, vikitaka kumsomesha bure ili avichezee. Kocha wa chuo kimoja akafika nyumbani, akavua viatu mlangoni, akala mahamri, akasema nafasi ya Haitham ipo, asihangaike na vyuo vingine.

Mwatime akamwuliza, "Na wewe ukihama, ahadi hii anabaki nayo nani?"

Kocha akacheka. "Mama, mimi siendi popote."

Haitham akavikatalia vyuo vingine vyote. Siku ya kutia saini ya kujiunga na chuo ilipokaribia, kocha akahamia chuo kikubwa zaidi. Kocha mpya akapiga simu: nafasi hakuna, amemchukua mchezaji mzoefu kutoka chuo kingine.

Haitham anakumbuka: "Nilijifungia chumbani. Mama hakunibembeleza. Alikaa nje ya mlango akaniuliza, 'Hebu nieleze, hii ni sheria au ni mazoea tu?' Nikamwambia, I don't know, Mama. Akasema, 'Basi tutafute.'"

Mwingine angetukana, wasikilizaji. Yeye alitaka kujua.

Akaendesha gari hadi Stafford kwa Chepngetich, Mkenya mwenzake, ambaye kijana wake alipatwa na yaleyale. "Nilidhani anakuja kunipa pole," Chepngetich ametuambia. "Kumbe amekuja kuniuliza! Nikaona aibu inanitoka, kwa sababu si mimi peke yangu."

Wakakusanya wazazi. Wakaiomba shule ya Haitham jambo moja: kocha wa chuo akija kutafuta wachezaji, akae kwanza mbele ya wazazi wote ajibu maswali, na mtoto asishinikizwe kukubali papo hapo. Mwalimu mkuu alisita, kisha akaridhia. Mwaka wa kwanza makocha wengi waliikwepa shule. Mzazi mmoja akamwambia Mwatime, "Umewafukuzia watoto wetu bahati!" Jioni hiyo, asema Haitham, mama yake alikaa garini muda mrefu kabla ya kuingia ndani.

Mwaka uliofuata makocha walirudi. Walihitaji wachezaji. Wakaketi, wakajibu. Utaratibu huo ungalipo, na shule moja ya Stafford imeuchukua.

Haitham alicheza chuo kidogo, akahitimu. Leo anafundisha hesabu.

Baada ya mazishi, kocha mwingine wa chuo akaja shuleni, na kikao na wazazi kikafanyika bila Mwatime. Mama mmoja, Kwamboka, akasimama. "Mwanangu akichoka na mpira, akataka kusoma tu, mtaendelea kumsomesha?"

Hilo, wasikilizaji, hata Mwatime hakuwahi kuliuliza. Kocha akaliandika swali hilo. Kisha akasema, "Sijui. Nitauliza, nirudi niwajibu."

Kwako Haitham, na kwa jamaa wote wa Garland na Kwale, poleni sana. Mungu amrehemu Bi Mwatime. Nasi tuliobaki tujiulize: mtu akituletea ahadi tamu hadi sebuleni, ni haya gani hutuziba midomo?