Kibali cha Barabara ya Kuingilia

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata michoro ya ujenzi kama mjukuu wake. "Kibali cha barabara ya kuingia kwenye nyumba zetu mpya kimetoka," alimwambia mzee wa pembeni. "Nilimkalisha mkaguzi kwenye kigoda pale inapokutana na barabara kuu, usawa wa macho ya dereva, aone magari yanayokuja. Akasaini palepale!"

Mzee akampongeza. Hata mimi nilijikuta nimekaa wima, utadhani nilikibeba kigoda.

"Sharti ni moja tu," mama akaendelea, "kituo cha basi kinachoziba magari yasionekane kihamishwe."

"Kile chenye benchi la bluu? Benchi lile nimelichomelea mimi, mwanangu, kwa mikono hii!"

"Tutalihamisha kwa heshima zote, baba."

"Halihami!"

"Benchi la bluu!" kondakta akaita. Wakashuka wote wawili, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kulikalia.