Sina Data Tena

Kwenye basi la Kibondo kwenda Kasulu, mbele yangu alikaa mwalimu kijana kutoka Tanga, na pembeni yake mama mwenye kikapu cha maharage. Mama alimsalimia tu, na mwalimu, kama wengi wanaopangiwa kazi huku bila ndugu, akamwaga yote.

"Wanafunzi wa huku wasiri, mama. Binti mmoja, Asnath, alikuwa analia darasani. Namuuliza ana nini, ananijibu, 'Mwalimu, sina data tena.' Simu shuleni ni marufuku, na yeye analilia bando. Darasa zima kimya. Nikajua wanamficha."

Mama akamgeukia. "Mwalimu, kwa Kiha data ni baba."

Kijana akageukia dirisha. "Basi angesema baba. Kiswahili anakijua."

"Wewe ukifiwa utachagua lugha ya kulilia? Ungemuuliza tena."

"Nina wanafunzi themanini, mama."

Themanini ni wengi, sikatai. Lakini aliyekuwa analia alikuwa mmoja.

"Ukamfanyaje?" mama aliuliza.

"Nilimrudisha nyumbani. Nikamwambia asirudi bila baba yake." Akapangusa kioo kisichokuwa na vumbi. "Hajarudi."

Basi lilipunguza mwendo Busunzu. Mama akashika kikapu chake. "Kwao wapi?"

"Hapa hapa Busunzu."

"Basi shuka, baba."

"Nikamwambie nini?"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Konda akauliza kama kuna mwingine anayeshuka. Mwalimu alikuwa amekumbatia mkoba wake, anamtazama konda.