Melkior Gaudensi, Aliyechora Alichokiogopa

Baba Paroko, wazee wa ukoo, nyie waombolezaji mliokaa chini ya turubai, na nyie mliosimama kule ng'ambo ya barabara, familia imenituma mimi Elias, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitapaza sauti ili hata wa ng'ambo wasikie, maana vijana waliochimba kaburi wamekataa kugusa jeneza, na sababu yao tunaijua.

Marehemu Melkior Gaudensi Kapele alizaliwa tarehe 12 Machi 1981 hapa Usevya, mtoto wa tatu wa mzee Gaudensi na mama Nyamizi. Alikuwa mwoga tangu utotoni, hilo hatulifichi, aliogopa viboko wanaoingia kwenye mpunga, aliogopa radi, aliogopa hata jogoo wa jirani, na kila alichokiogopa alikichora ukutani kwa mkaa, akisema kikishachorwa kinatulia, mama akamchapa kwa kuchafua ukuta naye kesho yake akachora fimbo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1989 hadi 1995, akaendelea na sekondari mjini Mpanda hadi 1999, na mwaka 2002 akaenda kusomea sanaa Bagamoyo, akahitimu 2004. Alirudi Mpanda akaandika mabango ya maduka na saluni, mpaka mwaka 2012 alipopata kazi na kampuni moja ya Dar es Salaam inayotengeneza filamu za katuni na michezo ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kubuni sura ya vitu ambavyo havijawahi kuwepo, kabla wengine hawajavitengeneza, akabuni mji uliojengwa juu ya migongo ya viboko, akabuni treni inayotembea kwa miguu ya panzi, akabuni mnyama mwenye pembe saba anayekula vivuli vya watu. Kila mnyama alimfinyanga kwanza kwa udongo, akamvika pembe za ng'ombe, manyoya ya kanga na vitambaa vyekundu, akamweka juani aone kivuli kinavyolala, ndipo akamchora.

Tarehe 26 Julai 2008 alifunga ndoa takatifu na Verdiana, na Mungu akawajalia watoto wawili, Agatha na Maiko. Mwaka 2019 walihamia hapa Usevya kumtunza mama.

Sasa nafika pale ambapo wengine mngependa niparuke. Tarehe 14 Oktoba 2021, mchana kweupe, kamchape walioitwa kusaka wachawi nyumba kwa nyumba walivunja mlango wa stoo ambamo kaka alifanyia kazi yake, wakakuta wale wanyama wa udongo wamepangwa kwenye rafu, na nyie mkajaa uani mna mapanga. Shemeji Verdiana, akitaka kumwokoa mume wake, akawaonyesha kwenye simu kwamba ni vitu vya mchezo tu, na yule mnyama wa pembe saba akaonekana anatembea, anageuza shingo, anafungua mdomo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kumbe yuko hai, anamfuga kwenye simu," na stoo ikachomwa, kaka akanyolewa, akachanjwa kwa wembe kichwani na kifuani, akanyweshwa dawa mbele ya watoto wake. Aliponea chupuchupu.

Familia ilikimbilia Nsemulwa, kule Mpanda mjini, na tangu siku ile kaka hakugusa udongo tena, alikuwa akisikia watu wengi wanapita barabarani anajifungia chumbani. Kazi yake ya mwisho, aliyoikamilisha mwaka 2023, haina mnyama hata mmoja, ni watu wa kawaida wamesimama uani mchana, wanatazama mlango, na wenzake wa Dar es Salaam walisema hajawahi kubuni kitu cha kutisha kama kile.

Mwezi Agosti 2024 alipatwa na kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu, akalazwa Mpanda mara kadhaa, na kitandani alikuwa akimweleza mkewe mnyama mmoja mmoja alikotoka, kisha akasema, "Mama Agatha, watu wanadhani mimi nawatisha, kumbe mwenye kutishika ni mimi." Alifariki tarehe 9 Februari 2025 asubuhi. Hakuliwa na mnyama wake, kama inavyonong'onwa, alikufa kwa presha na hofu, na hofu ile ilikuwa na anwani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, jumuiya ya Nsemulwa waliokesha nasi, na majirani wa hapa, ndiyo, hata nyie, kwa kaburi mlilochimba.

Jeneza linahitaji watu sita na mpaka sasa tuko wanne. Shemeji Verdiana amenituma niseme kwamba hatamwomba mtu, nikimaliza kusoma yeye na Agatha watashika mbele, jambo ambalo kwetu mwanamke hajawahi kulifanya, na anayeogopa aendelee kusimama alipo.

Mama Agatha, njoo ushike.

Kaka Melkior, pumzika kwa amani, sisi tumekushika.